Msaada: elbo ya koki inadondosha kila maji ya mamlaka yakirudi

Mkazi wa Igoma
Wakuu, habari za jioni. Nyumba ipo chini ya mlima, bomba ni PPR (plastiki ya kuunganishwa kwa moto) ya nusu inchi, koki ya shaba imefungwa kwenye elbo (kona) jike yenye meno ya shaba. Nikitumia maji ya tangi langu pakavu kabisa. Maji ya mamlaka yakirudi usiku panadondosha. Tredi tepu ipo, mizunguko miwili. Niongeze tepu au nipake silikoni?

Spana Namba 14
Silikoni acha kabisa, mkuu. Ukiipaka kwa nje, maji yanaisukuma kutoka ndani mpaka ibanduke. Tofauti uliyoiona ni ya presha: kila mita 10 za kimo ni baa 1 hivi. Tangi lililoinuliwa mita 5 linakupa nusu baa. Tangi la mamlaka likiwa kilimani mita 40 juu yako, ni baa 4. Kwa Mwanza yetu ya milima, kiungo kibovu hujificha kwenye maji ya tangi.

Kwanza pakaushe, zungushia tishu, uone inapoanza kulowa. Ni kwenye meno, kati ya shaba na plastiki ya elbo, au bomba linapoingia kwenye elbo? Kila sehemu ina dawa yake.

Dada wa Kirumba
Ikiwa ni kwenye meno, mizunguko miwili ya tepu nyembamba haitoshi. Toa koki, safisha meno kwa brashi ya waya, masalia yote ya tepu yatoke. Elekeza meno usoni kwako, zungusha tepu kufuata mshale wa saa, mizunguko 5 au 6, ukiivuta mpaka meno yajichore juu yake. Acha jino la kwanza wazi ili vipande visiingie kwenye koki. Ukizungusha kinyume, tepu inajikunja nje unapokaza.

Kaza kwa mkono hadi igome, kisha spana mzunguko mmoja au mmoja na nusu, elbo ukiishika kwa spana ya pili. Koki ikipita pale ulipotaka iangalie, usiirudishe nyuma hata kidogo. Fungua, weka tepu mpya.

Fundi wa Nyegezi
Katani na rangi ya mafuta bado ndiyo kiboko. Tepu ni ya kuharakisha kazi.

Spana Namba 14
Kwa bomba la chuma sikupingi, katani ikilowa inavimba na kuziba. Kwenye elbo ya PPR, katani nyingi inatanua shaba mpaka plastiki inapasuka. Na penye raba, kama nati ya fleksibo (bomba laini la kupinda), usiweke katani wala tepu: raba ndiyo inayoziba.

Mkazi wa Igoma
Asanteni. Tishu imelowa kati ya shaba na plastiki.

Dada wa Kirumba
Pole, ndugu. Hiyo elbo imekwisha, mara nyingi kwa kukazwa kupita kiasi. Hakuna tepu itakayoiokoa. Nunua elbo jike ya milimita 20 kwa nusu inchi, soketi moja ya 20 (ya kuungia bomba kwa bomba) na kipande cha bomba. Kata kwa mkasi wa PPR, ukate bila kuinamisha, pembe mraba na bomba.

Mashine ya kuchomelea PPR iwe nyuzi 260. Weka alama milimita 14 kutoka ncha ya bomba, pasha bomba na soketi (au elbo) kwa pamoja sekunde 5, unganisha ndani ya sekunde 4 bila kuzungusha, usiguse dakika 2. Ukisukuma kupita alama, plastiki iliyoyeyuka inaziba njia ya maji.

Fundi wa Nyegezi
Hapo naongeza moja. Kabla ya kuchomelea, funga geti valvu (ya kufungia maji ya nyumba), kisha fungua koki ya chini kabisa bomba liishe maji. Tone moja likifika kwenye ncha ya moto linakuwa mvuke na kutoboa vishimo kwenye kiungo, na hivyo vitavuja. Ukimaliza usipige plasta. Fungua tena geti valvu, subiri usiku maji ya mamlaka yarudi, funga koki zote na valvu ya tangi, angalia kigurudumu kidogo cha mita ya maji. Kikizunguka, kuna kiungo kingine.