Motahomu ya kuzunguka vijijini Ufaransa: kukodi huku Uingereza, kukodi kulekule, au kununua ya zamani?

MzeeKisosora
Wakuu, salaam. Mimi na mama watoto tumeamua Desemba hii hatuendi nyumbani. Watoto wameshahama, mimi kazi ya ghala nimeiaga mwezi wa nne, na tunataka Septemba tuchukue motahomu, yaani gari lenye vitanda na jiko ndani, tuvuke bahari, tuzunguke vijijini Ufaransa taratibu bila kukimbizana na mtu, halafu turudi zetu Reading. Paris hatuitaki, tulishaiona.

Njia ninazoziona ni tatu. Kukodi hapahapa na kuvuka nayo. Kwenda na treni tukakodi kulekule. Au kununua: kuna jamaa anauza Fiat Ducato ya 2009, vitanda 4, bafu ndani, anataka pauni 21,000, na kila siku ananipigia kuuliza nimefikia wapi. Moyo wangu uko kwenye kununua. Jumamosi naenda kuiona. Nishaurini.

Dereva_wa_Dover
Mkuu, umefanya kama anayeuliza nguo ipi nzuri bila kusema anakwenda harusini au msibani. Tuanze upya. Leseni yako ya mwaka gani? Hilo gari uzito wake wa mwisho likishapakiwa ni kilo ngapi? Pasipoti zenu za wapi? Mnakaa siku ngapi? Gia za mkono au otomatiki? Moyo wako ulipo hautusaidii kitu.

MamaNia
Mie nina swali moja tu, na linashinda yote ya Dereva. Choo atamwaga nani?

MzeeKisosora
Ahsanteni. Wiki 3, labda 4 jua likikubali. Leseni niliipata 2003. Pasipoti yangu ya hapa, mama watoto bado ana ya Tanzania, hataki kuiachia na mimi nimechoka kumshawishi. Gia za mkono. Uzito sijauliza, ila jamaa anasema ni gari jepesi.
@MamaNia hilo la choo tutalizungumza ndani.

Dereva_wa_Dover
"Jepesi" si namba, mzee wangu. Waliofaulu mtihani hapa kabla ya Januari 1, 1997 walipewa C1, daraja la magari mazito kidogo, bila kuiomba, wanaendesha mpaka kilo 7,500. Wewe wa 2003 mwisho wako 3,500, na hizo zinahesabu kila kitu: maji, gesi, mama, masanduku ya mama, baiskeli nyuma.

Jumamosi usiangalie mapazia. Tafuta kibati, aghlabu kiko chini ya boneti au kwenye fremu ya mlango. Kina mistari minne ya namba. Ule wa juu ndio uzito wa mwisho wa gari lenyewe. Ukisoma 3,500 endelea kunywa chai ya watu. Ukisoma 3,850 aga uondoke. Gari likipita 3,500, kule Ufaransa linatakiwa pia kubandikwa stika za kuonya juu ya sehemu ambazo dereva hazioni, na kwenye barabara kuu mwisho wako unashuka kutoka 130 hadi 110.

Na hata likiwa 3,500 kamili, lipeleke kwenye mizani. Mengi ya vitanda 4 yakiwa matupu yanabakiwa na nafasi kidogo sana. Lita 100 za maji ni kilo 100, hapo hakuna ujanja.

Bibie_Leicester
Kaka Kisosora, uzito unatibika kwa kubadilisha gari. Visa je? Shemeji yetu mwenye pasipoti ya Tanzania anahitaji visa ya Schengen, ya kuingia Ufaransa na jirani zake, hata kama ana ukaazi wa kudumu hapa, hata kama mumewe ni raia. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho siku 15, lakini ukingoja hizo 15 umejitakia mwenyewe.

Kwa watu wa motahomu tabu ni malazi. Wanataka kujua utalala wapi, na wewe raha yako ni kutojua utalala wapi. Sisi tulihifadhi nafasi kwenye kambi za watalii zinazoruhusu kughairi bila malipo, tukaambatisha na barua ya kueleza njia yetu, ikapita. Bima ya matibabu isipungue euro 30,000. Na pasipoti atakayosafiria iwe ndiyo iliyounganishwa na eVisa yake ya hapa, ule uthibitisho wa ukaazi wa mtandaoni, asije akaenda vizuri akakwama kurudi. Halafu ndiyo mnunue hicho kijumba.

Sultani_wa_Luton
Mnamtisha mzee wa watu bure. Kodi Volkswagen California, yamekwisha. Kwenda juu haifiki mita 2, kwa hiyo barabara za kulipia za Ufaransa inahesabiwa daraja la 1, sawa na gari dogo. Ukipita mita 2 ni daraja la 2, ukifika mita 3 au ukizidi kilo 3,500 ni la 3. Unaegesha popote, unapita kila kijiji. Paa linainuka, mnalala juu mnasikia bundi.

MamaNia
Na choo kiko wapi humo?

Sultani_wa_Luton
Kambi zina vyoo, dada.

MamaNia
Saa nane za usiku, mvua inanyesha, nishuke ngazi kutoka kwenye paa na magoti haya, nitafute tochi, nitafute kandambili, nivuke uwanja wa watu? Sultani, oa kwanza halafu urudi kutushauri.

FundiKombo
Ngoja niwasimulie ili mzee asije akapita nilikopita mimi. Mwaka juzi tulikodi hapahapa Uingereza, kampuni siitaji. Tulifika saa nne asubuhi kuchukua gari, tukakabidhiwa saa tisa, feri yetu jioni. Kijana akanionyesha kila kitu kwa dakika kumi: hili tangi la maji safi, hili la maji machafu, hii kaseti ya choo, lile tangi dogo la kuchomoa na kumwaga, hapa unachomeka umeme. Nikazunguka nje na simu nikapiga picha. Paa sikupiga. Nani anapiga picha paa?

Tukaenda vizuri mpaka Dordogne, kusini-magharibi mwa Ufaransa. Siku ya tano, kama saa kumi na moja jioni, simu ikasema pinda kulia. Simu haikujua kama sisi ni nyumba. Barabara ikaingia kijijini ikawa nyembamba kama kichochoro cha Mji Mkongwe, mawe huku, mawe huku, na nyuma yangu kukaja trekta lenye tela la zabibu. Kurudi haiwezekani. Mke wangu akashuka akatangulia mbele akinipungia mkono, njoo, njoo, njoo. Anaangalia magurudumu, masikini, hakuna aliyemwambia aangalie juu. Hapo juu kulikuwa na kibaraza cha mawe kimetokeza. Ule mlio wa turubai la kivuli kuchanika na reli yake kung'oka, ni kama mtu anafungua kopo la samaki kubwa kuliko nyumba.

Akatokea babu mmoja, mkate kwapani. Hakusema neno. Akaweka mkate dirishani kwa mtu, akasimama mbele yangu akaniongoza kwa kidole kimoja tu, sentimita kwa sentimita, kama dakika ishirini, mpaka nikatoka upande wa pili. Mwenye trekta akazima injini, akawasha sigara, akangoja. Hakupiga honi hata mara moja. Mpaka leo nawakumbuka wale watu kwa heri.

Kurudi sasa. Dhamana yangu pauni 1,500. Turubai nikakubali, kosa langu. Wakaongeza na mkwaruzo wa paani nisioujua, na picha ya paa sina. Nikarudishiwa 400.

Mzee, fanya mambo mawili. Andika kimo cha gari kwa mita kwenye karatasi, bandika mbele ya usukani, maana stika ya gari la Uingereza inaweza kuwa ya futi na kibao cha daraja la kule ni mita tu. Kichwa kikishachoka hesabu hiyo huiwezi. Na pampu za mafuta za supamaketi, angalia juu kabla ya kuingia, nyingine zina paa la chini.

Sultani_wa_Luton
Ndiyo maana nikasema California.

Mwanakwerekwe_74
Pole Fundi. Mie naona kukodi kulekule ndiko kwenye akili. Usukani unakuwa kushoto, na hilo watu hulidharau. Ukiwa na usukani wa kulia ukataka kulipita trekta, anayeona mbele ni mkeo, na ndoa nyingi zimetikiswa na neno "nenda… hapana, hapana!" Kwenye vibanda vya tozo ni yeye tena wa kutoa mkono dirishani kuchukua tiketi. Kulekule utapata na mitungi ya gesi ya huko, si huu wa hapa ambao ukikwisha kule hubadilishiwi.

Kama lazima mvuke na gari, treni ya Folkestone kwenda Calais ni dakika 35, feri ya Dover kama saa moja na nusu. Sisi hupenda feri ya Newhaven hadi Dieppe, mwendo wa saa nne, unashuka uko mashambani tayari. Ukikodi hapa usisahau cheti cha VE103 cha kutoa gari la kukodi nje, na stika ya UK, ile ya GB haitambuliwi tena.

Nyiragongo_Liège
Jambo bandugu. Miye niko mutu wa Goma, ninaishi Ubelgiji, Ufaransa tunaingia kama kwenda sokoni. Mzee, kwa nini wanakutajia Dordogne? Kule kuko batu mingi. Enda Auvergne, katikati ya Ufaransa. Kuko safu ya milima ya volkeno kama 80, imelala, majani mabichi mpaka juu, ng'ombe wanakula ndani ya mudomo wa volkeno. Kwa mutu aliyeona moto ya Nyiragongo, volkeno ya kwetu, inashuka mujini 2002, na tena 2021, kukaa chini ya volkeno yenye haina haraka ni dawa. Bibi yangu alilia pale juu ya Puy de Dôme, moja ya zile volkeno, hakuniambia sababu, na miye sikuuliza.

Ukitoka kaskazini pita Orléans, Vierzon, Clermont. Ukitaka kushuka kusini zaidi, barabara kubwa A75 haina kulipa isipokuwa daraja la Millau. Na mujiandikishe France Passion: wakulima na wenye mizabibu wanakuacha ulale kwao usiku mumoja bure, saa 24, bora gari iwe na choo yake na matangi yake. Haulazimishwe kununua kitu. Lakini utanunua.

Mwisho: kila mahali sema bonjour kwanza. Dukani, kwa mukate, kwa kuuliza njia. Usiposema, hata ukiwa unaungua hawakusikie.

Bibie_Leicester
Hiyo bonjour ni hodi yao tu. Mswahili hashindwi hapo.

Kamusi_Hai
Samahani wadau, "motahomu" ni neno gani? Lugha tunayo. Nyumba ya magurudumu.

Dereva_wa_Dover
Nyumba ya magurudumu ni karavani la kukokotwa. Hili lina injini.

Kamusi_Hai
Basi gari-makazi.

MamaNia
Gari-makazi ndiyo aliyokuwa nayo marehemu babu yangu, alikuwa analala kwenye lori la karafuu. Turudi kwenye safari.

Mzee, na mambo ya chakula mmeyajua? Kwenda, hamruhusiwi kuingia na nyama wala maziwa kutoka hapa. Samli ya mama mkwe wangu iliishia Dover, nikasikitika mie kuliko yeye. Na kurudi, tangu Aprili 12, 2025 hapa nako wamefunga: nyama ya ng'ombe, mbuzi, kondoo, nguruwe, na maziwa na jibini, hata kipande kilichofungwa vizuri dukani. Sisi tulikuwa na jibini nzima ya Saint-Nectaire ya mkulima, tumeibeba siku nne kwenye friji ndogo. Tukaegesha Calais tukaila na kisu na maandazi yaliyobaki, mimi na baba Nia, kimya, kama tunafuturu. Haikwisha.

Mwanakwerekwe_74
Maandazi mliyapikia ndani ya gari?

MamaNia
Nje. Ukikaangia ndani, mito itanuka mafuta mpaka Krismasi. Beba jiko dogo la gesi. Na ununue mkate kabla ya saa sita mchana, kijijini wakishafunga kwa chakula ni mpaka saa nane au zaidi, na Jumatatu maduka mengi hayafunguliwi kabisa. Hilo Sultani hakulisema.

MzeeKisosora
Wakuu, nimerudi kutoka kuiona. Dereva, kibati nimekikuta chini ya boneti, kina vumbi, nikakifuta na leso. 3,850.

Nikamwambia jamaa leseni yangu hainiruhusu. Akacheka, akasema "hakuna anayeangaliaga hizo." Akashusha mpaka 19,500. Tatizo ni mama. Alishakaa kwenye kile kikochi cha nyuma chenye dirisha, akavua viatu. Njia nzima kurudi hakuzungumza. Tulipofika nyumbani ameangalia video ya kumwaga ile kaseti mara mbili, halafu akasema aliyestaafu ndiye mwenye nafasi.

Visa tumeanza kujaza. Kukodi huku au kule bado sijui. Auvergne nimeipenda.

Dereva_wa_Dover
Polisi wasipokuangalia, siku ya ajali bima itakuangalia. Achana naye.

Sultani_wa_Luton
California bado ipo.

MamaNia
Choo?

Kijana_wa_Zamani_Coventry
Samahani kuingilia. Hiyo Ducato ya 3,850 bado inauzwa? Mimi leseni yangu ya 1994.