Msaada: redio ya Corolla 110 giza tupu usiku, balbu zake zinabadilishika?

Chuma_Mkongwe
Wakuu, habari za jioni. Nina Corolla 110, bado ina redio yake ya kaseti iliyokuja nayo kutoka Japani. Sauti safi kabisa, ila usiku vitufe na kioo havionekani. Mwanga ulianza kuzima upande wa kushoto, sasa hata kulia giza. Fundi niliyempelekea kasema redio imekwisha, ninunue ya skrini. Sitaki, hii imekaa sawasawa na dashibodi na inapiga vizuri. Balbu za ndani zinabadilishika? Au niweke LED?

Waya_Mwekundu
Usiitupe mkuu. Kabla hujafungua chochote, washa taa ndogo uangalie saa na vitufe vya AC. Kama navyo vimezima, anza na fyuzi ya TAIL na kile kigurudumu cha kupunguza mwanga wa dashibodi. Kama ni redio peke yake, mulika kioo chake kwa tochi ya simu huku inapiga. Ukiona namba za stesheni, kioo ni kizima. Kioo cha aina hiyo hakina mwanga wake, kinategemea balbu ya nyuma.

Chuma_Mkongwe
Nimejaribu sasa hivi. Vingine vyote vinawaka, na kwa tochi namba zinasomeka vizuri.

Fundi_Deki
Basi ni balbu tu. Toa hasi ya betri kwanza. (Wenye magari ya Ulaya na baadhi ya Honda, tafuteni kabisa namba ya siri ya redio, maana nyingi huidai zikikatiwa umeme.) Bandua fremu ya plastiki polepole, imeshikwa na klipu. Fungua bolti za spana namba 10, vuta redio, kisha toa uso wake kwa bisibisi ya nyota.

Ndani utakuta balbu ndogo kama punje za mchele, zimelehemewa kwa risasi kwenye bodi ya saketi ya redio. Mara nyingi zimevishwa kofia ya mpira ya kijani, na hiyo kofia ndiyo inayotoa rangi. Itunze, uivishe balbu mpya. Pima kila balbu kwa mita ya umeme: iliyokatika haisomi kitu. Lakini badilisha zote hata kama moja bado nzima, kwa sababu zimezeeka pamoja na hutaki kufungua tena mwezi ujao.

Nunua za volti 12 au 14, miliampia 60 hivi. Usikubali kupewa ya wati 5. Hiyo inavuta miliampia 400 na ushee, na joto lake linaharibu plastiki.

Luthuli_254
LED pia inawezekana, ila usiiunge moja kwa moja. Injini ikinguruma umeme wa gari hufika karibu volti 14. Kila LED ipe rezista yake (kile kipande kidogo cha kupunguza umeme) ya ohm 1,000, robo wati. Itapitisha kama miliampia 11, na usiku inatosha sana. Shida yake inarusha mwanga mbele tu, unapata doa kali katikati na pembe zinabaki giza. Sugua kichwa chake kwa msasa laini ili mwanga utawanyike. Halafu usiweke nyekundu nyuma ya kofia ya kijani, hutaona kitu.

Chuma_Mkongwe
Asanteni sana. Nataka ifanane na saa na vitufe vya AC. Nichague ipi?

Fundi_Deki
Balbu, bila kusita. Kijani cha LED hakifanani na kijani cha balbu yenye kofia, na vikikaa jirani utaona tofauti kila usiku.

Waya_Mwekundu
Naunga mkono. Atakayeng'ang'ania LED akumbuke ina chanya na hasi, na kwenye Toyota nyingi za zamani hasi ya taa za dashibodi inapitia kwenye kile kigurudumu. Usiipeleke kwenye bodi ya gari, utapoteza uwezo wa kupunguza mwanga. Na kabla ya kurudisha fremu, chomeka soketi, rudisha betri, washa taa ndogo uangalie kila kitufe.