Naomba ushauri: jirani anachoma taka, mwanangu ana pumu

Habari zenu wakuu, nakaa Tabata, jirani yangu kila jioni anachoma taka nyuma ya ukuta wetu na siyo majani makavu tu, anatia na pampasi, chupa za maji, makopo ya dawa ya mbu, juzi kopo likalipuka cheche zikaruka mpaka kwenye makuti ya banda letu la kuku. Mwanangu ana pumu, moshi ukiingia anabanwa kifua, na plastiki ikiungua inatoa sumu kama dioksini. Gari la taka lenyewe linapita kwa kusuasua, hapo namuelewa kabisa. Ni mama mtu mzima namheshimu sana, sitaki tufikishane mbali. Niongee naye mwenyewe kwanza au nianzie kwa mjumbe?