Nimemaliza chuo: nirudi vipi katika ngoma za kwetu?

BintiLangoni aliuliza:

Assalamu alaykum, ndugu na wazazi wangu. Karibuni nitahitimu ualimu katika Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, na muda wote wa masomo nimekuwa mchezaji katika kikundi cha ngoma cha wanafunzi. Nilikulia Lamu, ambako ngoma nilizozijua ni za arusini, vugo inayopigwa kwa pembe na chakacha ya kutikisa kiuno, wanawake watupu na mlango umefungwa. Chuoni niliwakuta wenzangu wa Kaloleni na Ganze wakicheza gonda, ngoma ya Wagiriama, nikavishwa hando, lile vazi la vitambaa vilivyopangwa tabaka juu ya tabaka, ambalo hukuza mtikisiko wa kiuno hata aliyeketi nyuma kabisa akauona.

Kayamba, ile ala bapa ya matete, ndiyo iliyonitesa zaidi. Hushikwa kwa viganja viwili na kulazwa huku na huku ili mbegu zilizo ndani ya matete zimwagike kwa pamoja, na papo hapo vidole gumba vigonge ubavu wake. Gumba likichelewa kidogo tu, mstari mzima wa wachezaji unayumba. Karo iliposumbua nyumbani nami nikawa sina hamu ya kuonana na mtu, mazoezi ya jioni ndiyo yaliyonitoa chumbani, kwa kuwa ngoma ya watu wengi haichezeki pungufu na wenzangu walikuwa wakinigongea mlango.

Hata hivyo, tulicheza kwa ajili ya mashindano. Ngoma inayochezwa usiku kucha tuliikata ikawa ya dakika chache, nyuso zikielekea kwa waamuzi. Sasa narudi Amu, yaani Lamu, kungoja ajira. Je, aliyezoea jukwaa aingie vipi tena katika ngoma za kwao? Na je, ninayo haki ya kuwafundisha wanafunzi wangu gonda ilhali mimi si Mgiriama?

Mzee wa Mkomani alijibu:

Wa alaykum salaam, mwanangu, na hongera. Nitasema juu ya goma, ambalo ni letu wanaume, kwa sababu jambo unalouliza huliona kila mwaka vijana wanaporudi kutoka vyuoni. Goma huchezwa kwa mstari, kanzu, kofia na bakora mkononi, zumari likiongoza, na mwendo wake ni wa taratibu mno. Kijana aliyezoea kupigiwa makofi huona kwamba hapana linalotendeka, akaongeza madoido yake, na mara bakora yake ikawa peke yake hewani huku za wenzake zimekwisha kushuka. Hatukemei. Husogezwa karibu na mzee, akatazama, na baada ya muda bega lake huanza kwenda na mabega ya wengine.

Usidhani kwamba ngoma na heshima ya dini havikai pamoja katika mji huu. Habib Swaleh, mwanachuoni aliyefariki mwaka 1935, ndiye aliyeimarisha hapa maulidi ya Habshi yanayosomwa kwa matari, na wapo waliompinga wakati ule. Leo goma huchezwa karibu na msikiti wake wa Riyadha siku za Maulidi, na watu huja kutoka pwani nzima.

Mwalimu wa Malindi alijibu:

Dada, wafundishe. Gonda ni ngoma ya furaha ya vijana, nasi Wagiriama hatuoni ubaya mtoto wa Lamu akiicheza vizuri, mradi aambiwe imetoka kwa nani na nyimbo azijue maana badala ya kuzikariri kama sauti tupu. Ukiweza, mwite mzee mmoja wa huku aje akae na wanafunzi hata siku moja.

Ninachokuomba kwa moyo wote ni kutopeleka kila kitu jukwaani. Kifudu, kwa mfano, ni ngoma ya msiba, na ndiyo aliyoicheza Mekatilili wa Menza mwaka 1913 akipita kijiji hadi kijiji kuwakusanya watu dhidi ya utawala wa Waingereza. Ngoma yenye uzito huo haikatwi ili itoshe muda wa waamuzi, na iliniuma nilipoona kikundi kimoja kikiifanyia hivyo.

Somo wa Amu alijibu:

Mwanangu, arusi hazijesha. Njoo kwanza katika vugo, usimame na waitikiaji, umwache mwimbishaji akuzoee. Pembe nitakuazima mimi, kwani za nyati hazipatikani tena tangu uwindaji upigwe marufuku nchini mwaka 1977, na tulizo nazo ni za kurithi kwa mama zetu. Ukiigonga na kijiti usiikamate kwa nguvu, sauti hufa. Chakacha utaicheza baadaye, kwa ajili ya bibi arusi, na simu zote zibaki nje.

BintiLangoni aliandika:

Shikamooni, na shukrani nyingi. Somo, nikishavuka maji kutoka gati ya Mokowe nitakuja kwako kabla ya kufungua mizigo. Mwalimu, naona nianze na kayamba peke yake, wanafunzi wakiwa katika sare zao, na mambo ya hando yangoje hadi nizungumze na wazazi wao. Je, kwenu Malindi naweza kuagiza kayamba ndogo zinazowatosha watoto wa darasa la nne?