Lissu kujitetea mwenyewe kesi ya uhaini: mkakati au kalazimika?

Mzee wa Korti: Wakuu, Juni 2025 Tundu Lissu, mwenyekiti wa Chadema, aliiambia Mahakama ya Kisutu kwamba atajitetea mwenyewe. Wengi wanasema ni hasira, mimi naona ni hesabu. Uhaini hauna dhamana, kwa hiyo silaha iliyobaki ni dodoso, yaani kuwahoji mashahidi wa upande wa mashtaka. Akidodosa mwenyewe, sauti yake inasikika mahakamani tangu shahidi wa kwanza. Na mawakili wake walishapwaya.

Binti Kilwa: Walipwaya wapi? Alilalamika mwenyewe mbele ya hakimu kwamba ananyimwa faragha ya kuongea nao gerezani. Wakili atachukuaje maelekezo ya mteja huku askari magereza anasikiliza? Futa hiyo kauli.

Mzee wa Korti: Sifuti. Mapingamizi ya kisheria ya Septemba dhidi ya kesi aliyapigania mwenyewe.

Binti Kilwa: Na yakatupwa! Sasa kosa la mawakili liko wapi hapo?

Dodoso: Tuache mawakili. Polisi wanapotoa ushahidi, kazi iko kwenye maelezo waliyoandika wakati wa upelelezi. Shahidi anapewa maelezo, anayatambua kwa saini yake, anasomewa sentensi inayopishana na aliyoyasema kizimbani, anapewa nafasi ya kueleza, ndipo unaomba yapokelewe kuwa kielelezo. Ni kifungu cha 154 cha Sheria ya Ushahidi, kwa namba za zamani. Ukiruka hatua moja Jamhuri, yaani waendesha mashtaka, wanasimama kupinga, na kwenye majumuisho, yaani hoja za mwisho, huna cha kunukuu. Mtu anayelala mahabusu anaandaa hayo yote na mafaili gani?

Binti Kilwa: Lissu alikuwa Rais wa TLS, chama cha mawakili Tanganyika, 2017, kaka. Unamfundisha dodoso?

Dodoso: Yeye simfundishi. Nimesema mafaili, wewe unanijibu vyeo.

Kijana wa Singida: Mnapigana bure. Shtaka ni kifungu cha 39(2)(d) cha Kanuni ya Adhabu: nia ya kuitishia Serikali, tena nia iliyodhihirishwa kwa kuchapisha au kwa kitendo. Maneno anayoshtakiwa nayo ni ya Aprili 3, 2025 na kila mtu kayasikia, hayakanushiki. Kwa hiyo kila shahidi aulizwe: nani alitishika, na alifanya nini baada ya kutishika? Akijibu "sijui" liandikwe hivyo hivyo, maana litahitajika kwenye hoja ya kutokuwa na kesi ya kujibu, yaani kwamba ushahidi wa Jamhuri hautoshi hata kumtaka mshtakiwa ajitetee.

Mzee wa Korti: Sheria inataka nia, haitaki mtu awe ametishika. Soma tena.

Kijana wa Singida: Nimesoma. Nia unaithibitishaje bila mazingira?

Binti Kilwa: Mzee, "walishapwaya" bado ipo hapo juu.