"-ji-" inamrejelea nani? Kiswahili, Kichina, Kiaisilandi na Kiewe

Kiima_Fiche:
Wakuu, habari. Kanuni tatu za mwanaisimu Noam Chomsky za 1981, kuhusu neno linaweza kumrejelea nani, kwa ufupi: A, neno la kujirejelea lipate mrejelewa (yule linayemtaja) ndani ya kishazi chake, B, kiwakilishi cha kawaida kisipate mrejelewa humo, C, jina lisitawaliwe na (lisiwe chini ya, katika muundo wa sentensi) kiwakilishi kinachomrejelea mtu yuleyule. Kwetu A inakaa vizuri: "Juma anadhani Ali amejiumiza", aliyeumia ni Ali tu. Lakini sentensi ya aina hiyo kwa Kichina ina maana mbili. Halafu "Juma aliona nyoka nyuma yake": nyuma ya Juma inawezekana kabisa, ilhali B ingeonekana kuikataa. Kanuni zimevunjika, au tunazisoma vibaya? Na sentensi inapimwaje bila kubahatisha?

Mzizi_na_Viambishi:
Anza na mahali -ji- inapokaa. Si neno, ni kiambishi, na kinakalia kiti kilekile cha -m-, -wa-, -ki-, -vi-. Kiti ni kimoja, ndiyo maana "alijinunulia vitabu" ni sahihi lakini "alivijinunulia" haikubaliki. Kwa kuwa -ji- imefungwa ndani ya kitenzi, inamtazama kiima wa kitenzi hicho na kuishia hapo.

Namna ya kupima:

1. Weka majina mawili kabla ya kitenzi: "Mama wa Juma anajipenda." Ni mama tu, ingawa "Juma" ndilo lililo karibu na kitenzi. Umbali wa maneno hauhesabiki. "Juma" limefichwa ndani ya kikundi nomino na haliwezi kukitawala kitenzi.
2. Tumia kitenzi kisicho na kiima cha wazi: "Juma alimwahidi Asha kujitetea", atakayejitetea ni Juma. Badilisha iwe "alimshawishi Asha kujitetea", sasa ni Asha. Kitenzi kikuu ndicho kinachoamua kiima fiche (kisichotajwa) ni nani, kisha -ji- inamfuata.
3. Ondoa -ji-, weka -m-: "Juma alimwona." Hapa hawezi kuwa Juma. Hiyo ndiyo B.

Kuhusu nyoka: "nyuma yake" haiko kwenye kiti cha yambwa (mtendwa) ndani ya kitenzi. -ji- haiwezi kufika huko, hivyo hakuna umbo linaloshindana na "yake". Kiingereza nacho huruhusu kiwakilishi cha kawaida kwenye maelezo ya mahali kama hayo, kwa hiyo si ukaidi wa Kiswahili. Ukitaka kubana maana, ongeza "mwenyewe": "nyuma yake mwenyewe". Ila "mwenyewe" peke yake ni ya kusisitiza. "Juma amemwona mwenyewe" haina maana kwamba Juma amejiona.

Ziji_na_Sig:
Kichina kina *ziji*, neno la kujirejelea ambalo ni neno huru. "Zhangsan renwei Lisi xihuan ziji" (Zhangsan anadhani Lisi anampenda ziji): ziji ni Lisi au Zhangsan. Lakini weka *wo*, yaani mimi, mahali pa Lisi, na njia ya kwenda kwa Zhangsan inafungwa. Anabaki "mimi" tu. Nafsi ya kwanza au ya pili ikikaa katikati huzuia. Na ukirefusha neno liwe *ta ziji*, linarudi kuwa la karibu: Lisi tu.

Kiaisilandi kina *sig*, nalo ni la kujirejelea na hutegemea umbo la kitenzi. "Jón segir að María elski sig" (Jón anasema María anampenda sig): kitenzi kiko katika hali tegemezi, na sig anaweza kuwa Jón. "Jón veit að María elskar sig" (Jón anajua...): kitenzi ni cha hali ya kawaida, na kwa wasemaji wengi ni María tu.

Kanuni inayotajwa sana ni kwamba maumbo mafupi husafiri mbali na yale ya kuunganishwa hubaki karibu. Kwa maoni yangu haitoshi: -ji- ni fupi kuliko yote na haiendi popote. Uhuru wa neno una uzito kuliko urefu wake.

Kiima_Fiche:
Asanteni. Na "alisema ameondoka"? Aliyeondoka anaweza kuwa msemaji au mwingine.

Mweka_Lebo:
Kiewe, cha Ghana na Togo, kimelitatua hilo kwa kiwakilishi maalumu: "Kofi be yè-dzo" ni Kofi mwenyewe aliyeondoka, "Kofi be e-dzo" ni mtu mwingine. *Yè* hutumika kurejelea yule ambaye maneno au mawazo yake yanaripotiwa. Kiswahili hakina, kwa hiyo anayetafsiri kutoka Kiewe asipoongeza jina au "yeye mwenyewe" anapoteza taarifa.

Vivyo hivyo kwa umiliki. Kirusi hutenganisha *svoj* (wa kiima) na *ego* (wa mwingine). Kwetu "Juma anampenda mke wake" inabeba yote mawili. Penye viungo vya mwili tuna njia nzuri zaidi: "Juma alijikata kidole" ni chake, "Juma alimkata kidole" ni cha mwingine, na hakuna haja ya "chake".

Kwa wanaoandaa data za kompyuta: msitafute herufi "ji" tu. -jibu si ya kujirejelea kabisa, "ji" humo ni sehemu ya mzizi. -jitahidi haina -tahidi ya kuirudisha. Na "amejifungua" au "amejisaidia" zipeni lebo ya kitenzi kizima chenye maana yake, la sivyo mashine itamtafuta aliyefunguliwa.