Forester imechanika tairi moja ya nyuma: ninunue moja, mbili au zote nne?

Korosho_Ghafi
Wakuu, salaam. Subaru Forester yangu imechanika ubavu tairi ya nyuma kushoto. Ni jiwe, njia ya Newala, haizibiki. Tatu zilizobaki bado zina kashata (yale meno ya mpira yanayogusa barabara). Fundi pancha wa hapa Chikongola anasema weka moja mpya maisha yaendelee. Muuza duka anasema mbili, zikae nyuma. Mwingine kaniambia gari ya 4WD lazima zote nne. Bajeti iliyopo inatosha mbili mpya za maana au nne za used. Wiki ijayo natakiwa Dar. Nishaurini.

FundiDifu
Forester ipi mkuu? Chesisi inaanzia SG5, SH5 au SJ5? Otomatiki au manyuo? Saizi gani ubavuni, tairi za kampuni gani, na kina cha kashata ni milimita ngapi? "Bado zina kashata" si kipimo. Pima sehemu tatu za upana wa tairi: ndani, katikati, nje. Andika ndogo kuliko zote. Bila hivyo tutakuwa tunabashiri tu.

Mikindani_Mjini
Nunua nne mpya za Kichina umalize. Linglong, Westlake, Triangle, chagua yoyote ila zote nne ziwe pacha. Watu wanang'ang'ania mbili za jina kubwa halafu wanaua giaboksi. Giaboksi haisomi jina la kampuni, inasoma mzunguko.

Ligula_B
Kabla ya yote, sasa hivi unatembelea nini? Kama umefunga ile spea nyembamba na gari ni otomatiki, fungua boneti, karibu na boksi la fyuzi kuna kisoketi kitupu kimeandikwa FWD. Chomeka fyuzi ya ampea 15. Taa ya FWD itawaka kwenye dashibodi, maana yake nyuma imeachiwa na gari inavutwa na mbele. Spea hiyo ikae nyuma tu. Ikipasuka ya mbele, hamisha ya nyuma nzima uilete mbele, nyembamba iende nyuma. Upepo wake ni PSI 60, si 30 kama wengi wanavyojaza.

Korosho_Ghafi
Asante dada, ndiyo hiyo nyembamba nimefunga na fyuzi sikuwa naijua. FundiDifu: SG5 ya 2005, otomatiki, haina tabo. 215/60R16. Zilizobaki ni Yokohama BluEarth, mbele 5 na 5, nyuma kulia 5 na kidogo.

FundiDifu
Sasa tunaongea. Subaru wanataka mzunguko wa tairi zote nne (urefu wa kuizunguka tairi kwa nje) upishane si zaidi ya robo inchi, yaani milimita 6.4. Ukiigeuza kuwa kina cha kashata ni kama milimita 1 tu, kwa sababu kila milimita 1 ya kashata inapunguza mzunguko kwa 6.3.

Mpya inakuja na milimita 8 hivi. Zako ni 5. Tofauti ni 3, sawa na milimita 19 za mzunguko. Umepita kiwango mara tatu.

215/60R16 mpya ina mzunguko wa karibu milimita 2,087, kwa hiyo inazunguka mara 479 kwa kilomita. Ya milimita 5 inazunguka mara 483 na ushee. Mtu akisikia mizunguko minne anacheka. Piga hesabu ya Mtwara hadi Dar, zaidi ya kilomita 550, ni mizunguko zaidi ya elfu mbili ambayo zile klachi za nyuma ya giaboksi lazima ziisugue, maana kwenye otomatiki yako hakuna difu ya kati, yaani gia za kuruhusu mbele na nyuma zipishane kasi. Kuna paketi ya sahani za klachi tu, na lami kavu haikubali tairi iteleze kufidia.

Kwa hiyo ushauri wa muuza duka, mbili mpya nyuma, ndio mbaya kuliko wote. Ekseli nzima ya nyuma inakuwa na mzunguko mrefu kuliko ya mbele na tofauti yote inaishia kwenye klachi. Moja mpya inaumiza nusu yake, kwa sababu difu ya nyuma inagawa wastani kati ya kushoto na kulia.

Rasbura_Lindi
Kama ni hivyo si afunge mbili mpya upande mmoja? Kushoto mbele na kushoto nyuma. Wastani wa mbele na wa nyuma unakuwa sawa, klachi haioni kitu.

FundiDifu
Kihesabu upo sahihi, na kuna mafundi wanafanya. Lakini difu ya mbele na ya nyuma zitafanya kazi kila sekunde hata kwenye mstari ulionyooka, gari itavuta upande wa tairi ndogo, na siku ya mvua ukishika breki kwa nguvu upande mmoja una kashata 8 na mwingine 5. Kama difu ya nyuma ni ile ya LSD (inayozuia gurudumu moja kuteleza peke yake), ndani kuna viskasi (sahani ndani ya mafuta mazito), nayo itachemka. Kufika gereji, sawa. Kwenda Dar, hapana.

Mikindani_Mjini
Ndiyo nasema nne mpya.

Ligula_B
Mzee, kasema bajeti ni mbili mpya. Kuna njia ya tatu hujaitaja: moja ya used, Yokohama hiyohiyo, muundo huohuo, kashata 5 hadi 5.5. Muundo ni lazima ufanane, si saizi tu. 215/60R16 za kampuni mbili tofauti zinaweza kupishana mzunguko milimita kumi na zaidi zikiwa mpya zote. Mtwara hapa kuipata ni bahati, lakini Dar unaagiza, inapakiwa kwenye basi la usiku.

Muuzaji akutumie picha ya ubavu upande wenye DOT (namba ya kiwandani). Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Tairi ikifika ikague kabla hujaifunga. Tia mkono ndani uone kama kuna kiraka, hasa karibu na bega. Kunja ubavu utazame nyufa ndogo. Angalia ule mdomo unaokaa kwenye rimu usiwe umechanwa na nondo za fundi pancha. Na namba ya uzito isipungue 95, hiyo ni kilo 690 kwa tairi, maana najua gari za huku msimu wa korosho zinabeba nini.

Na kitu wauzaji wa used hawasemi: tairi nyingi za kutoka Japani ni za theluji. Ubavuni zimeandikwa STUDLESS, kashata zimejaa vimistari vya zigizaga, mpira laini ukiubonyeza kwa kucha. Kwa jua la Lindi zinaisha kama ufutio wa shule.

Rasbura_Lindi
Used ni kamari. Bora gari ikae.

FundiDifu
Niwaeleze iliyoingia gereji moja huku, SG5 kama hiyohiyo, ili muone tunaongelea nini.

Mwenye gari alikosa 215/60R16 madukani akauziwa mbili za 215/65R16. Hiyo ni saizi ya X-Trail, imejaa kila duka. Akaambiwa "ni rimu 16 na upana uleule, inaingia". Kuingia inaingia. Lakini mzunguko wake ni milimita 2,155, zaidi ya zile za mbele kwa karibu milimita 68. Mizunguko 15 tofauti kwa kilomita moja. Zikafungwa nyuma, gari ikatoka Masasi kwenda Dar na mzigo.

Dalili ya kwanza ilikuwa maegesho: usukani ukikatwa mwisho, gari inagoma kama imeshikwa breki, halafu inaruka-ruka nyuma. Dereva akaambiwa ni joinaiti (kiungo cha ekseli), akaendelea. Kabla ya Nangurukuru taa ya AT OIL TEMP ikawaka. Akapumzika, ikazima, akaendelea tena. Baadaye ikawa inapepesa kila akiwasha gari. Kuwaka ukiwa mwendoni ni joto la mafuta. Kupepesa wakati wa kuwasha ni kompyuta ya giaboksi imeandika hitilafu. Wengi wanachanganya.

Kwenye kijiti mafuta yalikuwa meusi na yananuka kuungua. Ikafungwa fyuzi ya FWD kama kipimo: kuruka kukabaki palepale. Kama kungeisha, ungesema klachi bado zinaachia. Kukibaki, ama solenoidi (vali ya umeme) ya kuachia imekufa ama sahani zimeshikana. Ikashushwa propela (shafti ya kwenda nyuma) na ule mkia wa nyuma wa giaboksi. Uzuri wa Subaru hizi ni kwamba klachi hizo ziko kwenye mkia, giaboksi nzima haishuki. Ndani, sahani zimekuwa za bluu kwa joto, na ngoma yake imechimbwa mifereji pale meno ya sahani yanapotembea. Ukiweka sahani mpya kwenye ngoma yenye mifereji zinanasa tena. Kwa hiyo ikanunuliwa ngoma, sahani, solenoidi, na mafuta ya kusafisha giaboksi yote.

Mafuta nayo yana kisa chake. Otomatiki hii inabeba lita 9 na kidogo lakini ukifungua boliti ya chini zinatoka lita 4 au 4.5 tu. Unamwaga, unajaza, unatembea, unarudia mara tatu. Na karibu yake kuna boliti ya difu ya mbele, yenye mafuta yake peke yake, lita 1.2 za 75W-90 GL-5. Kuna mafundi humwaga difu wakidhani ni giaboksi, halafu wanajaza ATF (mafuta ya giaboksi ya otomatiki) juu ya ATF. Yakitoka mekundu ni giaboksi. Yakitoka ya kahawia yananuka kiberiti, simama hapohapo.

Mikindani_Mjini
Sasa gharama hiyo si ingenunua tairi nne mpya na chenji?

Newala_Kwa_Juu
Ndiyo maana nawaambia watu wa huku wachukue X-Trail. NT31 unazungusha kitufe kwenye 2WD, kapulingi ya nyuma inaachia, tairi zipishane tu utakavyo.

FundiDifu
Zisipishane utakavyo. Kwenye 2WD nyuma haivutwi, kweli, ila mtu akisahau kitufe kwenye AUTO, au akaweka LOCK kwenye lami kavu, yaleyale. Na ABS inalinganisha kasi za magurudumu yote muda wote, 2WD au siyo.

Ligula_B
Kila gari na dawa yake. RAV4 ya ACA21 na Forester ya manyuo zina viskasi kapulingi katikati, ndani kuna mafuta ya silikoni. Tofauti ya kasi ikidumu silikoni inachemka na viskasi inajifunga moja kwa moja, haifunguki tena, unanunua nyingine. Prado yenye Torsen (difu ya kati ya gia) inavumilia zaidi, mradi usifunge difu ya kati kwenye lami. Hilux ya kuweka 4WD kwa mkono, ukiwa kwenye 2H (nyuma tu ndiyo inavutwa) mbele na nyuma zinaweza kutofautiana bila shida ya giaboksi.

Newala_Kwa_Juu
Swali: Marekani wanakwangua tairi mpya kwa mashine zilingane na zilizochakaa. Hapa si mtu atumie grainda?

FundiDifu
Thubutu. Mashine ile inazungusha tairi na kisu kimetulia, inatoka duara kamili. Grainda ya mkono itatoa mabonde, mpira utaungua, na kwa kilomita 80 kwa saa usukani utakutetemesha hadi meno.

Korosho_Ghafi
Nimepata moja Dar, BluEarth ileile, muuzaji anadai kashata 6.5. Nyingine ni mpya kabisa. Nichukue ipi?

Ligula_B
6.5 kwa 5 ni tofauti ya 1.5, milimita 9.4 za mzunguko. Kwenye gurudumu moja tu wastani wa ekseli unakuwa 4.7. Mimi ningeikubali, na DOT ikiwa sawa.

FundiDifu
Mimi sikubali. Robo inchi ya Subaru ni kati ya tairi yoyote na yoyote, hawakusema wastani. Na "muuzaji anadai" si kipimo. Aweke kipimo kwenye mfereji, apige picha. Wewe nawe ukiipata, jaza upepo zote nne sawa zikiwa baridi, kama kibandiko cha mlango kinasema 220 kPa ni PSI 32, halafu zungushia futi ya kushonea nguo katikati ya kashata, uandike nne zote. Milimita hazina ubishi.

Rasbura_Lindi
Upepo unabadilisha mzunguko kiasi gani?

FundiDifu
Kidogo kuliko watu wanavyodhani. Tairi ya radial ina mkanda wa waya chini ya kashata, haunyooki wala kufupika. Kinachoua upepo ukipungua ni joto la ubavu na kashata za pembeni kuisha haraka, baada ya miezi unarudi kwenye tofauti za kina.

Ligula_B
Ndiyo maana kuzungusha tairi kila kilomita 8,000 hadi 10,000 hakuna mjadala. Za nyuma zinakwenda mbele moja kwa moja, za mbele zinakwenda nyuma kwa kupishana. Zenye mshale wa mwelekeo zinabaki upande wao. Na alaimenti kabla, siyo baada, hasa ukitoka kwenye makorongo.

Mikindani_Mjini
Nne mpya. Narudia.

Newala_Kwa_Juu
Samahani natoka nje ya mada. Kwa wanaokwenda Msimbati kwenye mchanga, X-Trail mnashusha upepo hadi ngapi?

Ligula_B
PSI 18 hadi 20, zote nne sawa, kitufe LOCK, usikate kona kali maana tairi inaweza kuchomoka kwenye rimu. Beba pampu ya kuchomeka kwenye soketi ya sigara, ujaze kabla hujagusa lami.

Newala_Kwa_Juu
Pampu zile za maduka ya simu zinafaa?

Rasbura_Lindi
Zile zinachemka tairi ya pili tu. Tafuta yenye klipu za betri.